Pikseli kwa Pikseli: Uhakiki wa Istilahi za Picha na Mpangilio wa Kiwambo

1. Utangulizi

Katika makala haya nakusudia kuhakiki kundi moja la istilahi ambazo siku hizi zinawafikia wafasiri wetu kwa wingi, nazo ni zile zinazohusu uchakataji wa picha kwa kompyuta na mpangilio wa mambo kwenye kiwambo. Istilahi hizi zimekuwa zikifasiriwa kwa haraka, na mara nyingi na watu wawili wasioonana: mmoja aijua kompyuta lakini hakupata kuisoma sarufi ya Kiswahili, mwingine akijua Kiswahili lakini hajaandika hata mstari mmoja wa programu. Matokeo yake ni maneno ambayo kila moja, likitazamwa peke yake, lina sura ya Kiswahili, lakini yakikusanywa katika sentensi moja hayamwelezi msomaji afanye nini.

Msingi wa uhakiki huu ni rasimu ya mwongozo wa watunga programu niliyopewa niisome kabla ya kupigwa chapa. Sitaitaja ofisi iliyoitayarisha, kwa kuwa makosa yaliyomo si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tulio katika kazi hii. Nitayataja mazuri yake pia, maana mhakiki asiyeona jema lolote hana tofauti na asiyesoma.

Hoja yangu kubwa yahusu usemi mmoja. Mafundi wa kompyuta wanapotaka kuisifu kazi isiyo na kasoro hata ya chembe moja ya picha, wana usemi wao wa Kiingereza, nao katika rasimu hiyo umefasiriwa kuwa "ukamilifu wa pikseli". Nitajaribu kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ina kosa la lugha, na kwamba kosa hilo la lugha limefunika kosa la kazi ambalo linawaumiza wasemaji wa Kiswahili wenyewe.

2. Kisa cha safu mbili

Naanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita niliitwa mahali fulani nikague Kiswahili cha programu ya kutunza hesabu za malipo. Kiwambo chake kilikuwa na jedwali, na katika jedwali hilo zilikuwamo safu mbili zilizokaa jirani. Ya kwanza ilikuwa ya watu waliotoa ada, na kichwa chake kiliandikwa "Waliolipa". Ya pili ilikuwa ya vibarua waliopewa ujira wao, na kichwa chake kiliandikwa "Waliolipwa". Tafsiri hizo zilikuwa sahihi. Walakini upana wa safu ulikuwa umekwisha kupimwa kwa pikseli kwa kufuata maneno ya Kiingereza, nayo yalikuwa mafupi. Maneno yetu hayakuenea, na programu ikayakata. Safu zote mbili zikawa na kichwa kimoja: "Waliolip" na nukta tatu mbele yake.

Karani wa zamu alikuwa ameingiza majina ya vibarua katika safu ya watoa ada. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwa utulivu: "Mzee, mimi nasoma kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni waliolip. Hizo herufi zilizobaki nizitoe wapi?"

Mtunga programu alipoitwa, alikuja na kielelezo kilichochorwa na msanifu. Akakiweka juu ya picha ya kiwambo, akatuonyesha kwamba kila mstari, kila kitufe na kila kona vimekaa mahali pake, pasipo kuhitilafiana hata kwa pikseli moja. "Kazi hii ni kamilifu," alisema. Naye hakusema uongo. Kwa kipimo alichofundishwa, ilikuwa kamilifu kweli.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa jicho la isimu. Katika Kiswahili mnyambuliko wa kitenzi hukaa mkiani. Lipa, lipwa, lipia, lipiwa, lipisha, lipana: mzizi ni mmoja, na maana yote ya nani katenda na nani katendwa imo katika silabi za mwisho. Programu ikikata neno la Kiingereza mwishoni, msomaji mara nyingi hubakiwa na kiini cha maana. Ikikata kitenzi chetu mwishoni, huondoa kile kile kinachomtenganisha mdai na mdaiwa. Kwa hiyo swali la upana wa kisanduku, ambalo fundi huliona kuwa la vipimo tu, kwetu ni swali la sarufi.

3. Pikseli na majina iliyopewa

Kabla ya kuhukumu istilahi, hatuna budi kukielewa kitu chenyewe. Mwaka 1957 Russell Kirsch na wenzake, katika taasisi ya vipimo ya Serikali ya Marekani, walitengeneza chombo cha kuisoma picha na kuitia katika kompyuta. Picha ya kwanza ilikuwa ya mtoto wake mchanga. Iligawanywa katika safu 176 na mistari 176, yaani sehemu 30,976. Neno lenyewe lilionekana katika maandishi mwaka 1965, likitumiwa na Frederic Billingsley wa Jet Propulsion Laboratory huko California, walipokuwa wakizishughulikia picha zilizopigwa na vyombo vya angani. Liliundwa kwa kuunganisha vifupisho vya maneno mawili ya Kiingereza, moja likiwa na maana ya picha na jingine maana ya chembe ya msingi.

Mtu aliyekulia pwani hahitaji kwenda mbali ili alifahamu jambo hili. Mkeka wa rangi ukitazamwa kwa mbali una maua na pembe. Ukiinamiwa, maua hayapo, ziko chane tu zilizopishana, hii nyekundu, ile ya kijani. Picha ya kompyuta ni vivyo hivyo. Kila pikseli ina rangi moja, nayo rangi hiyo ni namba. Kuchakata picha ni kuzifanyia hesabu namba hizo.

Rasimu imetumia majina matatu kwa kitu hiki kimoja: mahali pengine "kitone", pengine "kimraba", pengine "pikseli". Kosa la kwanza ni huko kuchanganya, kwa maana istilahi moja na idumu na dhana moja. Lakini tuyapime yote matatu.

"Kitone" chatokana na tone, nacho chaleta fikira ya wino au maji. Wapiga chapa wana matone yao ya wino, nayo si pikseli: pikseli moja yaweza kuchapwa kwa matone mengi. Istilahi hii itawagonganisha wapiga chapa na watunga programu katika chumba kimoja.

"Kimraba" kinaonekana bora, kwa sababu picha ikikuzwa sana kiwamboni tunaona miraba. Lakini hapo ndipo ulipo mtego. Mwaka 1995 Alvy Ray Smith, mmoja wa waasisi wa sanaa ya picha za kompyuta, aliandika waraka mzima wa kupinga fikira hiyo. Alieleza kwamba pikseli ni sampuli, yaani kipimo cha rangi kilichochukuliwa katika nukta moja, nayo nukta haina upana wala umbo. Miraba tunayoiona ni namna tu ambayo kompyuta hutumia kuikuza picha. Anayeamini kuwa pikseli ni mraba hukosea hesabu anapoipunguza au kuikuza picha: hukosa kujua kama katikati ya pikseli ya kwanza ni katika sifuri au katika nusu, na picha yake yote husogea kwa nusu pikseli. Kosa hilo limewapata mafundi wakubwa. Direct3D 9 ilikuwa na hitilafu ya nusu pikseli iliyowasumbua watunga programu kwa miaka, hata ikarekebishwa katika toleo la 10. Basi istilahi "kimraba" ingewafundisha wanafunzi wetu kosa hilo hilo tangu siku ya kwanza.

"Nukta" ingekuwa karibu zaidi na ukweli, lakini imekwisha kubeba mizigo mingi: ni alama ya kumalizia sentensi, ni sehemu ya dakika, ni alama ya desimali. Kwa hiyo nakubaliana na "pikseli". Najua wapo watakaouliza kwa nini tukope ilhali utaratibu wetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, ndipo tuvuke mipaka. Jibu ni kwamba tumetafuta, na kila tulichokipata kinadanganya. Mkopo usio na maana ya awali ni bora kuliko neno la nyumbani lenye maana isiyo yake.

4. Maneno yaliyovaa nguo za wenzao

Kundi la pili la makosa ni lile la mfasiri kufungua kamusi, kukuta neno la Kiingereza lina maana tatu, na kuchukua ya kwanza. Katika rasimu nimekuta mifano minne ambayo kila mwalimu wa tafsiri angefaa kuionyesha darasani.

(a) Azimio. Rasimu yasema: "Ongeza azimio la picha." Kwa msomaji wa Tanzania azimio ni jambo linalopitishwa na mkutano, Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuwa picha. Lugha ya Kiingereza hutumia neno moja kwa uamuzi wa mkutano na kwa uwezo wa kutenganisha vitu vidogo vilivyokaribiana. Kiswahili hakina sababu ya kurithi mchanganyiko huo. Tena dhana zenyewe ni tatu. Kuna idadi ya pikseli, kama vile 1920 kwa 1080, ambazo jumla yake ni 2,073,600. Kuna msongamano wa pikseli, yaani ni ngapi zimo katika inchi moja. Na kuna ubainifu, yaani jinsi picha inavyoweza kuonyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili. Picha iliyopigwa na kamera yenye kioo kichafu yaweza kuwa na pikseli nyingi na ubainifu mdogo. Mtumishi anayeandika masharti ya kununua mashine za kunakili hati hana budi kujua anadai kipi kati ya vitatu hivyo, ama sivyo atauziwa kile asichokitaka.

(b) Kuratibu. Rasimu yasema: "Tafuta kuratibu za pikseli." Kuratibu ni kitenzi, ni kazi ya mratibu wa semina. Kinachotakiwa hapa ni namba mbili zinazoonyesha mahali, ya safu na ya mstari. Mpaka neno moja likubaliwe, "namba za mahali" zatosha, wala hakuna atakayepotea. Ikiwa walimu wa Hisabati wana neno wanalolitumia madarasani kwa kazi hii, na walilete mezani.

(c) Kuzungusha. Hili ndilo la hatari kuliko yote, maana sentensi inayotokea haionekani kuwa mbovu. Rasimu yasema: "Zungusha picha, kisha zungusha thamani." Kitendo cha kwanza ni cha kuipindua picha katika mhimili wake. Cha pili ni cha kuifanya namba yenye desimali iwe namba nzima. Vitendo hivi viwili hukutana daima katika kazi hii: ukiizungusha picha kwa digrii 90, pikseli huhama tu, wala hakuna namba inayobadilika, lakini ukiizungusha kwa digrii 30, pikseli mpya haziangukii juu ya zile za zamani, basi rangi zake hupatikana kwa kuchanganya rangi za majirani, na hapo ndipo desimali zinapozuka. Mwanafunzi akiambiwa "zungusha" mara mbili, atamaliza siku akitafuta digrii za kuzungushia namba.

Shuleni tumezoea kusema "kukadiria". Naomba turudi huko, ila tuseme kwa ukamilifu: kukadiria hadi namba nzima iliyo karibu. Na hapa mwongozo ungefaa kueleza jambo ambalo umelipita kimya. Nusu ikadiriwe wapi? Mwalimu wa shule husema ipande. Kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 kwa kawaida huipeleka nusu kwenye namba shufwa. Kwa hiyo 2.5 katika lugha ya Python, toleo la 3, hukadiriwa kuwa 2, na katika JavaScript hukadiriwa kuwa 3. Watu wawili wakiandika hesabu ile ile kwa lugha mbili, picha zao zitatofautiana, na kila mmoja atakuwa amefuata kanuni.

(d) Pambizo. Neno hili ni letu na ni zuri. Ni ile nafasi nyeupe pembezoni mwa ukurasa. Rasimu imelitumia kwa nafasi iliyo nje ya mpaka wa kisanduku, na hapo sina ugomvi nayo. Lakini imelitumia pia kwa nafasi iliyo ndani, baina ya mpaka na maandishi. Tazama madhara yake. Katika kanuni za CSS, zinazotawala mpangilio wa kurasa za mtandao, upana unaoandikwa kwa kawaida ni wa maandishi tu. Kisanduku chenye upana wa pikseli 200, nafasi ya ndani ya pikseli 10 kila upande, na mpaka wa pikseli 1 kila upande, hukalia pikseli 222. Viwili vya namna hiyo havitoshi katika nafasi ya 400. Asiyetofautishiwa nje na ndani hawezi kuifanya hesabu hii. Nje iitwe pambizo, ndani iitwe nafasi ya ndani, na baina yake uwe mpaka.

Ili nisionekane mchoyo, naongeza kwamba rasimu imefanya vizuri sana katika "kulainisha kingo", yaani kutia rangi za kati pembeni mwa umbo ili ngazi za pikseli zisionekane. Msomaji hulielewa hata kabla ya kufafanuliwa. "Kiolesura" nacho kimekwisha kupata uraia katika vitabu na ofisi, na sioni faida ya kukiondoa.

5. Mkono wa nani?

Liko jambo moja ambalo rasimu imelisahau kabisa, nalo ni kwamba neno "pikseli" limekuwa na maana mbili. Wazee wetu walipima nguo kwa shubiri, mkono, wari na pima: shubiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, wari mbili ni pima. Mnunuzi mwerevu aliuliza kwanza, mkono wa nani? Maana mkono wa mwenye duka na wa jirani yake havikulingana.

Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007, kiwambo chake kilikuwa na pikseli 320 kwa 480. Mwaka 2010 ilitoka iPhone 4 yenye kiwambo cha ukubwa ule ule lakini chenye pikseli 640 kwa 960. Laiti programu zote za zamani zingehesabu pikseli za kiwambo, kila kitufe kingekuwa nusu ya upana wake na nusu ya urefu wake. Ili kuepuka hayo, watunga programu waliendelea kuhesabu 320 kwa 480, na mashine ikawa inaweka pikseli nne za kweli mahali pa kila moja ya hesabu. Kanuni za CSS nazo zina pikseli yao, ambayo ni sehemu moja ya 96 ya inchi. Tena zinaieleza kwa jinsi jicho linavyoiona kutoka umbali wa urefu wa mkono, uliowekwa kuwa inchi 28. Tazama jinsi dunia inavyorudi ilikotoka: kipimo cha kompyuta za kisasa kimefungwa kwenye mkono wa mtu.

Napendekeza tuseme "pikseli ya kiwambo" kwa ile chembe ya kweli inayowaka, na "pikseli ya kipimo" kwa ile ya hesabu. Pasipo tofauti hii, sentensi "mstari wa pikseli moja" haina maana kamili, kwa sababu msomaji atauliza kama yule mnunuzi wa nguo.

6. Ukamilifu wa pikseli

Sasa tufikie usemi wenyewe. Kisarufi, "ukamilifu wa pikseli" wasema kwamba pikseli ndiyo iliyo kamilifu, kama vile "uzuri wa nyumba" ni nyumba kuwa nzuri. Lakini hakuna fundi anayesifu pikseli. Anasifu kazi, nayo pikseli ni kipimo tu cha ukali wa ukaguzi wake. Uhusiano uliomo katika maneno ya Kiingereza umepotea njiani, na kihusishi "wa" kimebebeshwa mzigo usio wake.

Hata hivyo kosa kubwa zaidi ni kwamba usemi huo hukusanya dhana tatu.

Ya kwanza ni ya wachakataji wa picha: kwamba matokeo ya programu yalingane na matokeo ya kupimia, namba kwa namba, bila tofauti hata ya moja. Dai hili wakati mwingine ni la haki na wakati mwingine ni la kuonea. Picha ya PNG ikifunguliwa kwa programu mbili zilizo sahihi hutoa namba zile zile, kwa sababu njia yake ya kubana haipotezi kitu. Lakini kiwango cha JPEG cha mwaka 1992 hakiwashurutishi wote wanaoifungua picha kupata namba zile zile. Hesabu zake za vipande vya pikseli 8 kwa 8 zimeachiwa uvumilivu mdogo wa makadirio. Anayemfukuza kijana kazini kwa kuwa picha yake ya JPEG imetofautiana kwa moja na ya mashine nyingine amemdhulumu. Alipaswa kumwuliza kama tofauti imo ndani ya uvumilivu uliokubaliwa.

Ya pili ni ya mistari na kingo: kwamba ziangukie sawasawa kwenye mipaka ya pikseli. Mchoraji akiamuru mstari wa wima wenye upana wa pikseli moja upite katika namba 10 ya turubai ya kivinjari, mashine huuweka kuanzia 9.5 hadi 10.5, yaani nusu katika safu moja na nusu katika safu ya pili. Badala ya mstari mmoja mweusi huonekana miwili ya kijivu, kama uliofutwa kwa kidole. Akiamuru 10.5, mstari hukaa wima na mweusi. Hapa hapana suala la kulingana na kielelezo. Ni suala la kukaa mahali.

Katika dhana hii yumo pia fundi anayegawa nafasi. Nafasi ya pikseli 1000 ikigawanywa kwa safu tatu, kila moja hupata 333 na theluthi. Akikadiria upana wa kila safu, atapata 333 mara tatu, ambazo ni 999, na ufa wa pikseli moja utaonekana mwishoni. Dawa yake ni kukadiria mipaka badala ya mapana: mpaka wa kwanza 333, wa pili 667, wa mwisho 1000. Safu zitakuwa za 333, 334 na 333, na ufa hautakuwapo. Huu ni mfano wa maarifa ambayo mwongozo ungeyatoa kwa sentensi nne, kama istilahi zake zingeruhusu.

Ya tatu ni ya wasanifu: kwamba kiwambo kilingane na kielelezo kilichochorwa, kila kitu mahali pake. Hii ndiyo iliyomwangusha karani wetu. Kielelezo kilichorwa kwa lugha moja, kwa kiwambo kimoja, kwa maneno ya urefu mmoja. Kulingana nacho pikseli kwa pikseli katika lugha nyingine ni sawa na kushona nguo ya mtu kwa vipimo vya ndugu yake.

Wafasiri tunalijua kosa hili kwa jina jingine. Ni tafsiri ya neno kwa neno. Anayefasiri neno kwa neno anaweza kukuonyesha kwa kidole kwamba kila neno la asili lina mwenzake, wala hakuna lililoachwa. Na bado msomaji hafahamu. Uaminifu wake ni kwa umbo, na maana imebaki nyuma. Mpangilio wa pikseli kwa pikseli ni ndugu wa tafsiri hiyo. Ndiyo sababu nasema kuliita jambo hili "ukamilifu" ni kulipa sifa kabla ya kesi kusikilizwa. Neno "kamilifu" linafunga mjadala. Karani akilalamika, huonekana analalamikia kitu kamilifu.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo, naleta mbele ya wasomaji mapendekezo haya ili yajadiliwe:

(i) Pikseli idumu kuwa pikseli, katika ngeli ya nyumba, pasipo kuchanganywa na kitone wala kimraba. Pale penye haja itofautishwe pikseli ya kiwambo na pikseli ya kipimo.

(ii) Mahali pa "azimio" patumike idadi ya pikseli, msongamano wa pikseli, au ubainifu, kwa kadiri ya maana inayokusudiwa.

(iii) "Kuzungusha" kubaki kwa picha peke yake, namba zikadiriwe.

(iv) Pambizo iwe ya nje, nafasi ya ndani iwe ya ndani.

(v) "Ukamilifu wa pikseli" uachwe. Kwa dhana ya kwanza tuseme usawa wa pikseli kwa pikseli. Kwa ya pili tuseme kukaa kwenye mipaka ya pikseli. Kwa ya tatu tuseme ulinganifu na kielelezo. Muundo wa "pikseli kwa pikseli" si mgeni, kwani tunasema hatua kwa hatua na bega kwa bega. Na kwa kuwa ni wa sauti moja na "neno kwa neno", utawakumbusha wafasiri tahadhari wanayoijua tayari.

(vi) Ofisi inayoagiza programu itakayotumiwa kwa Kiswahili iandike katika masharti yake kwamba upana wa safu na vitufe ufuate maneno, na kwamba vitenzi visikatwe mwishoni. Ikiwa nafasi haitoshi, maandishi yashuke mstari wa pili. Sharti hili si la mafundi peke yao. Ni la lugha, na mahali pake ni katika mkataba.

8. Hitimisho

Huenda baadhi ya wasomaji wataona kwamba nimelikuza jambo dogo. Pikseli moja haionekani kwa jicho la kawaida, na herufi mbili za mwisho wa kitenzi si mzigo mkubwa. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na ni kwa herufi hizo mbili ambapo kibarua huhesabiwa kuwa amepewa haki yake au kwamba ametoa ada asiyoitoa.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, ulituonyesha kwamba maneno yanaweza kupatikana. Kazi iliyobaki ni ya kuyapima maneno hayo yakiwa kazini, kiwamboni, mbele ya mtu anayeyasoma akiwa na foleni ya watu dirishani. Mfasiri akikabidhi orodha yake na kwenda zake, kazi yake imefika nusu. Na aende akaone neno lake likiwa limekaa ndani ya kisanduku chake. Kama limekatwa, arudi na kusema.

Ile programu ya malipo ilirekebishwa hatimaye. Safu mbili zile zilipanuliwa, na kielelezo cha msanifu hakilingani nazo tena. Nilipopita pale mara ya mwisho, karani alinionyesha kiwambo bila kusema neno. Vichwa vyote viwili vilisomeka mpaka herufi ya mwisho.